Dodoso la mtaa: namna ya kupima maji, vyoo, umeme na huduma nyingine kaya kwa kaya

Mkutano wa mtaa ukifika kwenye ajenda ya maji, mwenyekiti husema maji ni shida, afisa wa mamlaka ya maji hujibu kwamba bomba limeshafika, na wote wawili wanakuwa wamesema kweli. Bomba lipo, lakini maji yanatoka siku mbili kwa wiki na wapangaji wa nyumba za nyuma hawajaunganishwa. Kinachokosekana ni hesabu: kaya ngapi zilipata maji jana, zilitumia muda gani na zililipa kiasi gani. Tafiti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS), mfano ule wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, zimepangwa kueleza hali ya taifa na mikoa, na mtaa mmoja hauwezi kuonekana humo. Hesabu ya mtaa itafanywa na watu wa mtaa wenyewe. Inawezekana kwa wadadisi watano na siku chache za kazi, kwa gharama ndogo ya karatasi, nauli na chakula cha mchana.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kamati za mitaa na vijiji vya Tanzania, na kwa vikundi vinavyotaka kwenda ofisini na ushahidi mkononi.

Kabla ya kuandika swali la kwanza

Amueni kwanza matokeo yatapelekwa wapi na kudai nini. Dodoso linalotaka kujua kila kitu lina maswali 80, na kuanzia swali la 40 mhojiwa anajibu ili mgeni aondoke. Maswali 25 hadi 30 yanatosha, yaani dakika 25 hivi kwa kaya. Kila swali lipitishwe kwenye kipimo kimoja: jibu lake likijulikana, nani atafanya nini tofauti? Swali lisilo na jibu la hilo lifutwe. Kabila, dini na chama havina kazi hapa, tena vinafunga milango.

Ruhusa ombeni kwa barua kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, nakala kwa mwenyekiti. Barua ieleze nani anakusanya, anauliza nini, na karatasi zitakaa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu, kwa hiyo jina la mhojiwa na namba yake ya simu visiandikwe kwenye karatasi ya majibu. Tumieni namba ya kaya, na orodha inayounganisha namba na nyumba ihifadhiwe na mtu mmoja, mahali pengine. Mkikusudia kuchapisha matokeo kama utafiti nje ya mtaa, ulizeni kwanza NBS kuhusu taratibu za Sheria ya Takwimu.

Kaya si nyumba

Hapa ndipo tafiti nyingi za mitaani zinaharibika kabla hata ya kuanza. Chukua nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, kama zilivyo nyingi Manzese au Tandale, Dar es Salaam. Mwenye nyumba na familia yake wana vyumba viwili vya mbele. Chumba cha tatu kina fundi cherehani, mke na mtoto. Cha nne kina vijana wawili wa bodaboda wanaochanga hela ya chakula. Viwili vya mwisho ni vya mama na wanawe wakubwa, na wote wanakula kwake. Hiyo ni nyumba moja yenye kaya nne. Wale vijana wa bodaboda wangekuwa kila mmoja anajitegemea kwa chakula, zingekuwa tano. Mdadisi akibisha hodi mlango wa mbele na kumhoji mwenye nyumba peke yake, ataandika kwamba hapo kuna umeme, bomba la uani na vyumba viwili kwa familia. Hali ya zile kaya tatu nyingine itapotea yote, na mara nyingi ndizo zenye shida kubwa zaidi.

Swali la kutenganisha ni hili: "Humu ndani, akina nani mnakula chungu kimoja?" Kila chungu ni kaya. Aliyeishi hapo miezi sita, au amekuja kwa nia ya kukaa, anahesabiwa. Mtoto aliye bweni hahesabiwi, na mgeni wa msiba hahesabiwi pia. Mfanyakazi wa ndani anayelala na kula hapo anahesabiwa, na wadadisi humsahau mara kwa mara kwa sababu mhojiwa mwenyewe hamtaji. Muulizeni kwa makusudi.

Orodha na uchaguzi wa kaya

Pitieni mtaa mzima kwa mguu mkaandike orodha ya kaya zote. Vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa mwaka 2022 vinasaidia kutambua nyumba, lakini kibao ni cha nyumba, hakihesabu kaya, na nyumba zilizojengwa baadaye huenda hazina. Daftari la mtendaji ni la kulinganishia tu. Lina waliohama tangu zamani na halina wapangaji wapya.

Tuseme mmepata kaya 600. Kuzihoji zote ni kazi kubwa, na kwa swali la "asilimia ngapi" si lazima. Kaya 83 hivi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zinatoa jibu lenye mkengeuko wa pointi 10 juu au chini (mkipata asilimia 50, ukweli wa mtaa uko kati ya 40 na 60), kwa uhakika wa asilimia 95. Mkitaka mkengeuko wa pointi 5 mtahitaji kaya kama 234, karibu mara tatu ya kazi. Kwa kujenga hoja ya bomba au choo cha shule, pointi 10 zinatosha.

Gawanya 600 kwa 83 upate 7 na ushee, uchukue 7. Andika namba 1 hadi 7 kwenye vikaratasi, mtu mmoja achomoe kimoja mbele ya wengine. Akichomoa 4, mtahoji kaya ya 4, ya 11, ya 18, na kuendelea hadi mwisho wa orodha. Mtapata kaya 85 au 86.

Baada ya hapo hakuna kubadilisha. Nyumba ikikutwa imefungwa, msihamie kwa jirani. Rudini mara tatu, na walau mara moja iwe baada ya saa 12 jioni au siku ya mapumziko. Nyumba zinazofungwa mchana ni za mama ntilie, vibarua, walinzi na wapanga chumba wanaoishi peke yao. Mkiwaacha wote hao, mtakuwa mmepima mtaa wa watu wanaoshinda nyumbani.

Tahadhari nyingine ni msindikizaji. Balozi wa nyumba kumi au mjumbe anafaa sana kukutambulisha, kwa sababu mlango unafunguka. Akishasalimia aondoke. Akikaa, mhojiwa hatasema kwamba choo kimejaa, wala kwamba kamati ya mfuko wa maji haijasoma mapato na matumizi. Na kamwe asichague yeye nyumba za kwenda.

Maswali yenyewe

Kanuni moja inabeba dodoso zima: uliza kuhusu jana, kuhusu tendo, na penye kitu cha kuangalia, angalia. "Mnapata maji ya kutosha?" halina thamani, kila mtu atalijibu kwa kipimo chake. "Jana mlitumia ndoo ngapi?" lina jibu.

*Maji.* Anza na maji ya kunywa: "Jana maji ya kunywa ya kaya hii yalitoka wapi?" Majibu yaliyoandaliwa yawe yale ya hapo kwenu: bomba la ndani, bomba la uani, bomba la jirani, kioski au gati, kisima cha pampu, kisima kilichofunikwa, kisima cha wazi, chemchemi, maji ya mvua, boza, mkokoteni, mto au bwawa. Halafu uliza upya kwa maji ya kufulia na kuogea. Yakiunganishwa, jibu linapotosha: kaya nyingi za Pwani na Dar es Salaam zinafua kwa maji ya chumvi ya kisima na kununua maji baridi ya kunywa tu.

Kwa wenye bomba, uliza: "Katika siku 7 zilizopita, lilitoa maji siku ngapi?" Hili ndilo swali linalomaliza ule ubishi wa mwenyekiti na afisa.

Kwa wanaochota, muda uulizwe vipande vitatu: kwenda, foleni, kurudi. Mtu akiulizwa kwa jumla husema "si mbali", kwa maana hahesabu foleni. Kipimo kinachotumika kimataifa ni dakika 30 kwa vyote vitatu. Ikizidi hapo, kaya haihesabiwi kuwa na huduma ya msingi hata kama chanzo ni salama. Mdadisi mmoja atembee kwa kweli kutoka nyumba ya mbali zaidi, akipima kwa simu, ili mjue makadirio ya watu yako karibu na ukweli kiasi gani. Andikeni pia nani aliyechota na umri wake. Kama ni mtoto wa miaka 11 saa 11 alfajiri, hiyo ni habari ya shule pia.

Kiasi: omba kuonyeshwa chombo. Dumu la njano ni lita 20, lakini ndoo zinatofautiana, na "ndoo tano" za lita 10 ni nusu ya ndoo tano za lita 20. Kaya ya watu 6 iliyotumia ndoo 5 za lita 20 imetumia lita 100, yaani karibu lita 17 kwa mtu. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 ililenga lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kisichozidi mita 400 kutoka kwenye kaya, na watu 250 kwa kila kituo. Namba hizo tatu ziwekeni kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, karibu na zenu.

Bei: uliza bei ya dumu leo, kisha bei ya kiangazi kikali. Badilisheni kuwa uniti ili ilinganishwe na ankara. Uniti moja ni lita 1,000, sawa na madumu 50. Dumu la shilingi 100 ni shilingi 5,000 kwa uniti. Weka pembeni yake bei ya uniti iliyo kwenye ankara ya mamlaka ya maji ya eneo lenu, na mtaona asiye na bomba analipa nini kwa kukosa bomba.

*Choo.* Usiridhike na "tunacho". Omba ruhusa kuangalia, na mdadisi wa kike amuombe mama wa nyumba. Angalia mambo manne: sakafu inasafishika au ni magogo na udongo; kuna mlango na kuta za kumsitiri mtu; shimo limebakiza nafasi gani; na ndani ya hatua kumi kuna maji na sabuni ya kunawia, hata kibuyu chirizi. Kisha uliza kaya ngapi zinatumia choo hicho. Choo kizuri kinachotumiwa na kaya tano hakihesabiwi sawa na choo cha kaya moja, na sababu inaonekana alfajiri kwenye foleni.

Swali linalorukwa mara nyingi ni: "Mara ya mwisho kilipojaa, mlifanyaje?" Majibu yawe gari la majitaka, watu wa kutoa kwa mkono, kuchimba kingine, kutapisha (kuufungulia uchafu utoke) kwenye mtaro wakati wa mvua, au hakijawahi kujaa. Watu huona aibu kukubali kutapisha, kwa hiyo mdadisi alisome kama yanavyosomwa mengine, kwa sauti ileile. Ongeza: "Gari la majitaka linafika hapa?" Katika vichochoro vya makazi yaliyobanana mara nyingi halifiki, na hapo tatizo ni njia, kuhamasisha usafi hakutalitatua.

*Umeme.* Tenganisha kaya yenye mita yake, inayoshea mita, yenye sola, na isiyo na kitu. Kwa wanaoshea uliza ni kaya ngapi kwenye mita moja na hela ya LUKU (umeme wa kulipia kabla) inagawanywaje. Kuna jambo hapa ambalo ripoti nyingi hazilisemi. Bei nafuu ya TANESCO kwa watumiaji wadogo inaishia uniti 75 za umeme kwa mwezi. Kaya nne zenye matumizi madogo, zikishea mita moja, zinavuka 75 kwa pamoja na kutozwa bei ya juu, wakati kila moja peke yake isingefika. Maskini wanalipa zaidi kwa kushea.

*Kupikia.* "Mna jiko la gesi?" litakupa asilimia nzuri ya uongo. Mtungi upo kona ya chumba, umeisha tangu mwezi uliopita, na maharage yanachemka kwenye mkaa. Uliza: "Chakula cha jana usiku kilipikwa kwa nini? Na maharage hupikwa kwa nini?" Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania, na mtaa unaotaka kujua umefika wapi lazima uhesabu moto uliowaka, mitungi pekee haitoshi. Uliza pia kama wanapika ndani au nje.

*Makazi, shule, afya.* Hapa pita haraka. Idadi ya vyumba vya kulala (zaidi ya watu watatu kwa chumba ni msongamano kwa kipimo cha UN-Habitat), sakafu, paa. Kwa kila mtoto wa umri wa shule: alikwenda shule wiki iliyopita? Kama hakwenda, kwa nini? Ada imefutwa, lakini michango ya chakula na sare bado inaweka watoto nyumbani, kwa hiyo iorodheshe kama sababu. Kwa bima ya afya, omba kuiona kadi na usome tarehe ya mwisho.

Kipato msiulize. Watu hawakijui kwa mwezi, na wanaokijua hawatasema. Kuna sababu nyingine kubwa: dodoso lolote linaloonekana kuuliza umaskini linadhaniwa ni uandikishaji wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, na kaya zitaficha redio, kuku na hata mabati.

Wadadisi na mlango

Mafunzo ni siku moja nzima. Asubuhi kila swali lisomwe kwa sauti na kujadiliwa hadi wote walielewe sawa. Mchana wahojiane wawili wawili. Kesho yake kila mmoja ahoji kaya mbili katika mtaa wa jirani, si wenu, na jioni mkae kurekebisha. Swali lililoeleweka kwa namna mbili kwa wahojiwa kumi litaeleweka kwa namna mbili kwa wote 86.

Mlangoni: hodi, shikamoo kwa mkubwa, halafu maneno haya au yanayofanana nayo: "Naitwa fulani, ni mkazi wa mtaa huu. Tunakusanya hali ya maji, choo, umeme na huduma nyingine. Hatuandiki jina lako. Hakuna msaada wala malipo yatakayotokana na mazungumzo haya, na ukikataa hakuna kitakachokupata. Ni dakika 25. Tuendelee?" Sentensi ya msaada isirukwe hata mara moja. Ahadi ya uongo mlangoni huharibu majibu ya leo na huzuia wengine kufunguliwa milango mwakani.

Aliye bora kuhojiwa ni mtu mzima anayejua shughuli za maji na jiko, mara nyingi mama wa nyumba. Baba akisema "mimi ndiye mkuu wa kaya, niulize mimi," mheshimuni, kaeni naye, na muombeni mama awe karibu kwa maswali ya maji na kupikia. Kwa kawaida baada ya swali la pili yeye mwenyewe humwita.

Mdadisi mmoja anamaliza kaya 8 hadi 10 kwa siku. Watano wanamaliza 86 kwa siku mbili, na siku ya tatu na ya nne ni za kuwarudia waliokosekana. Epukeni wiki ya palizi vijijini na siku ya mnada.

Karatasi, simu na makosa

KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso kwenye simu, inafaa kwa wenye simu za Android. Fomu inajazwa bila intaneti na kutumwa baadaye. Karatasi nayo inafaa kabisa, ila iwe na namba kwa kila jibu. Tengeni 98 kwa "hajui" na 99 kwa "amekataa". Pengo tupu lisiruhusiwe, kwa sababu mwezi mmoja baadaye hakuna atakayejua kama mdadisi alisahau kuuliza au jibu lilikuwa sifuri.

Msimamizi azipitie karatasi jioni ileile, kabla hajalala. Atafute kaya isiyo na umeme yenye friji, mtu mmoja aliyetumia ndoo 40, bomba la ndani lenye dakika 50 za kuchota. Mengine ni makosa, mengine ni kweli (mwenye ndoo 40 anafyatua tofali), na tofauti hiyo inajulikana kwa kurudi kesho asubuhi tu. Kisha achague kaya moja kwa kila mdadisi, aende mwenyewe kuuliza maswali matatu. Mdadisi anayejua kwamba atafuatwa hajazi fomu akiwa chini ya mwembe.

Kuhesabu na kupeleka

Kwa kila swali andika idadi pamoja na asilimia: "kaya 31 kati ya 86 (asilimia 36) zilitumia zaidi ya dakika 30." Ongeza kwamba kwa mtaa mzima kiwango kiko kati ya asilimia 26 na 46. Msione aibu kuandika hivyo, maana ni kinga yenu mtu akibisha. Kwa ndoo, dakika na shilingi, panga namba kutoka ndogo hadi kubwa na uchukue ya katikati. Wastani wa kawaida unavutwa na yule mfyatua tofali mmoja.

Msigawanye kaya 86 kwa mashina au vitongoji vinne na kuanza kulinganisha asilimia. Kila kimoja kitakuwa na kaya ishirini na kitu, na tofauti mtakayoiona inaweza kuwa bahati tu. Kama hoja yenu ni kwamba kitongoji fulani kimeachwa nyuma, hojini kaya zake zote.

Matokeo yasomwe kwanza kwenye mkutano mkuu wa mtaa au kijiji, yameandikwa kwa maandishi makubwa ukutani. Wakazi watasahihisha mengine papo hapo. Kisha andikeni barua ya ukurasa mmoja na jedwali moja nyuma. Ya maji vijijini iende kwa meneja wa wilaya wa RUWASA (wakala wa serikali wa maji vijijini) na chombo chenu cha watoa huduma ya maji, mjini iende mamlaka ya maji. Zote nakala kwa diwani na mtendaji wa kata, ili ziingie Kamati ya Maendeleo ya Kata. Kila nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza tarehe 1 Julai na vipaumbele vya vijiji na mitaa hukusanywa miezi mingi kabla, kwa hiyo namba zinazofika Mei zinakuta bajeti imeshafungwa. Kazi ya uwanjani ifanyike Agosti au Septemba, kiangazi ambacho foleni ya maji inaonekana vizuri, na mwaka unaofuata rudieni mwezi uleule, kwa maneno yaleyale ya dodoso bila kubadilisha hata neno moja.